Mipasheni Miwili ya Nandutu

Kila alasiri alipotoka shule, Nandutu alipitia kwanza kwenye mipasheni yake miwili nyuma ya nyumba yao, huko Busiu. Pasheni za njano hazizai kwa chavua ya mmea wenyewe. Kwa hiyo alichovya kidole katika ua la mmea mmoja, akalipaka ua la mmea wa pili. Mama alikuwa ameahidi kwamba zikiiva watazipeleka Jinja kwa shangazi Wilkista, na Nandutu atauona Mto Naili kwa mara ya kwanza.

Siku moja ikanyesha mvua ya mawe. Ilipokatika, maua yote yalikuwa yamelala topeni.

"Haya, daktari wa maua," kaka yake Ronnie alimcheka, "watibu wagonjwa wako!"

Nandutu alipandwa na hasira. Kazi yote ile bure! Ronnie alipoondoka, alichukua panga akakata shina la mmea mmoja. Utomvu ulipochuruzika, akalitupa panga. Mama alipouliza mmea umepatwa na nini, alijibu, "Ni mvua."

Baada ya majuma kadhaa, mmea uliobaki ulichipua, ukachanua upya. Nandutu alirukaruka kwa furaha. Lakini kila ua lilinyauka na kuanguka, kwa kuwa halikupata chavua ya mmea mwingine. Machozi yakimlengalenga, alikwenda kwa jirani yao, Mama Topista, aliyekuwa na mipasheni pia, kuomba maua.

"Mmea wangu mmoja uliuawa na mvua, mama."

"Pole, mwanangu. Ya kwangu ilipigwa na mvua hiyohiyo, ikachipua. Hebu tukautazame."

Mama Topista aliinama, akapapasa kisiki kilichokatwa sawasawa.

"Nandutu, mvua hii ilikuja na panga?"

Nandutu alitazama chini. "Niliukata mimi. Nilidhani yote imekufa."

"Je, mama yako anajua?"

"Hajui."

"Mwambie leo. Kesho uje na kikombe, uchukue maua."

Jioni ile alimweleza mama, akakaripiwa vikali. Kuanzia kesho yake alibeba maua kikombeni kila alasiri, akapaka moja baada ya jingine, hadi pasheni za kwanza zikaning'inia.

Siku ya safari ya Jinja, Mama Topista alimsaidia kufunga kikapu.

"Mvua ilikunyang'anya maua tu, mwanangu," alisema. "Hasira zako ndizo zilizokunyang'anya mmea. Na kama ungeendelea kuisingizia mvua, nani angekupa maua?"