Konzi Moja ya Udongo

Giza lilianza kuingia Coleta alipotoka kwenye studio yake ya video, mjini Sumbawanga, kwenda dukani kwa Shamsi kununua diski tupu. Alirudi kwenye kompyuta yake ya Mac na hasira ileile aliyokuwa nayo tangu siku ya mazishi.

Kaka yake Isdori aliuawa na radi mwezi wa sita, mbingu ikiwa nyeupe, hata kiwingu hakuna. Kijijini kwao Mwazye vidole vyote vilimwelekea baba yao mdogo, Zenon. Kesho ilikuwa arobaini. Coleta ndiye aliyepiga video ya mazishi, macho yamejaa machozi, na sasa alitaka ukoo mzima uione kwenye deki kuukuu ya mama yake. Picha ikifika kwa Zenon kaburini, angemuumbua mbele ya watu. Mchawi mkubwa yule.

Lakini deki ya zamani haisomi faili la kamera. Sharti ligeuzwe kwanza, ndipo lichomwe kwenye diski. Mac ilianza kugeuza... ikagoma kwenye asilimia sitini na moja. Akarudia. Sitini na moja. Mara ya tatu ikagoma palepale, na chumba kikanuka udongo mbichi. Kiangazi kile, udongo mbichi utoke wapi?

Simu ikaita. Mama.

"Usihangaike kuja na wavunaji, mwanangu. Ulezi umeshaisha."

"Nani amekuvunia, mama? Na miguu yako hiyo mibovu?"

"Umeshaisha," mama alisema, akakata.

Mlango ukasukumwa. Zenon, na vumbi la safari ya kutoka Mwazye, kofia mkononi. Coleta hakumpa hata shikamoo.

"Mwanangu," Zenon alinong'ona. "Pale pa kutupa udongo... pakate kwenye video."

Hasira ikampanda Coleta. "Kumbe unajijua. Keti. Tutapaangalia wote."

Akafungua video pale ilipogomea, akaisogeza polepole. Ndugu walipita kaburini mmoja mmoja, kila mtu na konzi yake ya udongo. Zenon akainama. Kiganja kikafunguka, udongo ukaanguka wote.

Aliyefuata alikuwa mama.

Mama aliinyoosha ngumi juu ya kaburi. Akaitikisa. Haikufunguka. Ikarudi taratibu na udongo wake, ikapotelea kwenye fundo la kanga.

"Nilimwona siku ileile," Zenon alisema. "Habari za radi sizijui. Ila marehemu aliyezuiliwa udongo wake halali, mwanangu. Anatumwa kazi na aliyeushika. Nikaona heri waniite mchawi mimi. Yule ni mjane wa kaka yangu."

Coleta akapiga simu.

"Mama. Nani amevuna?"

Nyuma ya mama, mtu alikuwa anapura ulezi kwa fimbo. Pu... pu... pu... Kisha kikohozi kikavu, cha tumbaku. Kikohozi cha Isdori.

"Mama, huna haki hiyo. Kesho utaurudisha udongo wake, ukoo wote ukiona. Sikati hata sekunde moja."

"Haki?" Sauti ya mama ilikuwa ndogo, na ndani yake mlikuwa na hasira kubwa kuliko ya bintiye. "Baba yenu alikwenda. Wewe ukakimbilia mjini. Nilibakiwa na huyu mmoja. Nimwachie nani?"

Mbele ya Coleta, bila yeye kugusa kitu, Mac iliendelea kugeuza. Sitini na mbili. Sitini na tatu.

"Basi ilete hiyo diski," mama alisema. "Na usisubiri kesho. Nimeshamtuma aje kukuchukua."

Upande wa pili wa simu, fimbo ilikuwa imenyamaza.