Aliyelipa kwa Simu

Simu ilipotiwa dukani kwa Yeslam, pale Bombolulu, majirani walikuja kuitazama kama watu wanaokuja kumwona mtoto mchanga. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na simu za mtaa mzima zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Yeslam alikuwa ameiomba mpaka amekata tamaa. Ikawekwa kwenye kaunta, nyeusi, nzito, baina ya mizani na mkebe wa peremende. Kila asubuhi aliipangusa kwa kipande cha fulana kabla hajagusa kitu kingine chochote.

Mchana aliyekaa dukani ni mkewe, Kuluthum. Yeslam alitoka adhuhuri kwenda msikitini, akitoka huko akapitia kwa rafiki zake kunywa kahawa, na kurudi kwake ni alasiri. Wenyewe walikaa nyuma ya duka hilo hilo, na pazia la maua ndilo lililotenga. Huko ndiko alikolala Bi Zubeida, mamake Yeslam, akikohoa. Kikohozi kilimshika tangu mfungo uliopita na hakikumwachia. Bi Zubeida hakumpenda mkamwana wake. Alitaka mwanawe aoe kwa ndugu zake, mwana akaenda kuleta mke kutoka Changamwe. Jina la Kuluthum halikuwahi kumtoka kinywani. Akimtaka alisema tu, "Wee, mtoto wa watu," na Kuluthum huitika, "Abee, mama," akaenda kumgeuza ubavu.

Siku yenyewe ilikuwa siku kama nyingine. Jua kali, njia tupu, hata kuku wamejificha. Kuluthum alikuwa akifunga sukari ya robo robo kwenye karatasi. Simu ikalia.

"Hodi dukani," ikasema sauti ya mwanamke mtu mzima.

Kuluthum akatabasamu. Nani apigaye hodi kwa simu? "Karibu, Bi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nataka samli, na mchele, na sabuni ya mche. Niwekee kizingitini, mlango wa nyuma."

Ilikuwa sauti ya adabu, ya watu wa kale. Ila ilikuwa na majimaji, kama ya mtu azungumzaye na kitu kinywani.

"Na pesa, Bi? Utamtuma nani alete?"

"Nishalipa. Tazama kwenye mtoto wa meza."

Simu ikakatika. Kuluthum akautazama mtoto wa meza, droo ya kutilia pesa chini ya kaunta. Ulikuwa umefungwa, na ufunguo alikuwa nao mwenyewe, ameufundika kwenye ncha ya leso. Akaufungua. Juu ya pesa za asubuhi palikuwa na noti ambazo hakuziweka yeye. Akazishika, mara akaziachia. Zilikuwa zimerowa, zina utelezi wa bamia iliyopikwa, tena zina joto, joto la kitu kilichotoka sasa hivi mwilini mwa mtu. Harufu ikampanda: harufu ya kinywa cha mgonjwa asiyesukutua siku nyingi. Akakimbilia bafuni, akajisugua viganja kwa sabuni na majivu, na hata hivyo chakula chake cha mchana alikila kwa kijiko.

Yeslam aliporudi aliambiwa yote. Akacheka. "Pesa ni pesa, Kuluthum. Zikirowa huanikwa." Akazitia kwenye beseni, akazifua kama vitambaa, akazitandaza juu ya gunia. Vitu akavitoa mwenyewe nje, akaviweka kizingitini. Walipotazama baadaye havikuwapo. Palibaki mstari unaong'aa mchangani, kama wa konokono, ila upana wake ni wa kiganja cha mtu.

Tangu hapo simu ikawa yalia kila adhuhuri. Hodi dukani. Nataka hiki na hiki. Nishalipa. Na mtoto wa meza ukifunguliwa, pesa zimo, tena zinapita bei. Siku moja noti ziliviringishwa unywele mrefu mweupe. Siku nyingine palikuwa na punje za wali zilizotafunwa nusu. Siku nyingine kulikuwa na ngozi nyembamba, laini, ya waridi, kama ile ya ndani ya shavu mtu akijiuma. Kuluthum alizitoa kwa koleo la mkaa huku amegeuza uso. Duka likaanza kunuka. Alifukiza udi, alifukiza ubani, na harufu ile ilikuwa chini yake vilevile, imetulia, kama mtu aliyekaa akingoja moshi uishe.

Wa kwanza kukimbia ni Nyamvula, fundi wa shanga kwenye karakana ya jirani, mteja wao wa siku zote. Alinunua sukari, akapokea chenji, akasimama pale pale amekunja uso. Akainama juu ya kaunta, akanong'ona.

"Dada, pesa hii imenilamba."

"Imekufanyaje?"

"Imenilamba. Kiganjani. Tazama."

Kiganja kilikuwa chekundu, kimerowa, na ute ulikuwa ukivutika kutoka kidoleni hadi kwenye sarafu. Nyamvula akairudisha sukari, akaiacha chenji, akajifutia mkono kwenye ukuta wa duka mpaka akajichubua. Hakuja tena. Na wengine nao wakaanza kupita ng'ambo ya njia.

"Yatoe mapesa hayo, Yeslam," Kuluthum akasema. "Mimi simu hii siishiki tena, wallahi."

"Basi usiishike. Nitaishika mimi."

Siku ya pili yake Yeslam hakwenda kahawa. Simu ilipolia aliidaka kwa furaha. Kuluthum alikuwa amesimama kando, na sauti ile aliisikia wazi, kwa jinsi ilivyokuwa nene.

"Hodi dukani."

"Karibu, Bi, karibu! Leo twataka nini?"

Nyuma ya pazia Bi Zubeida akashikwa na kikohozi, kile kirefu cha kuvuta makohozi kutoka chini. Sauti ikanyamaza ikisikiliza. Kisha ikauliza, polepole:

"Huyo akohoaye, ni nani?"

"Huyo?" Yeslam akacheka. "Huyo mzee wetu, Bi. Hatuachi tukalala. Ukimtaka, mchukue. Bure."

"Yeslam!" Kuluthum akasema.

"Sichukui cha bure," ikasema sauti. "Mimi nalipa."

Mtoto wa meza ukafunguka wenyewe. Haukuguswa na mtu. Ulikuwa umejaa noti hadi juu, zimeshikana donge moja, na ute ukawa unachuruzika kwenye pembe, unadondoka sakafuni. Yeslam akabaki na mkono wa simu sikioni. "Nilikuwa nafanya mzaha, Bi," akasema. "Bi?" Hakukuwa na mtu.

"Zirudishe," Kuluthum akasema.

"Nizirudishe wapi?"

Ndipo wakatambua kwamba nyuma ya pazia kikohozi kimekatika.

Kuluthum akaingia. Bi Zubeida alikuwa hai, macho wazi. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa chini. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimelala upande mmoja, zimegandamana na fuvu, kama za ndama aliyetoka kuzaliwa. Uso unang'aa. Mto umerowa. Na harufu ni ile ile.

"Yuwanilamba," akanong'ona.

Kuluthum alichukua taulo na maji ya moto, akampangusa. Alipopangusa pakakauka, kisha pakarowa tena mbele ya macho yake, polepole, kutoka chini kwenda juu. Akapangusa tena. Pakarowa tena. Ngozi ikawa inalainika na kukunjamana kama ya mtu aliyelala majini. Alipofika miguuni, ukucha wa kidole gumba ukabaki kwenye taulo. Haukutoka damu. Ulikuwa laini, unabonyea. Mama yule alikuwa akiisha kama peremende.

Usiku kucha Kuluthum alipangusa. Yeslam aliziweka pesa kizingitini, hazikuchukuliwa. Akazitia kwenye jiko la mkaa, zikachirizika kama mate juu ya makaa, zikazima moto. Asubuhi alizikusanya akazitia kwenye mfuko, akaketi juu ya gunia la mchele, akiwakwepa macho wote wawili.

"Ilikuwa mzaha," alikuwa akisema. "Mzaha tu."

Ilipofika adhuhuri masikio ya Bi Zubeida yalikuwa yamekuwa madogo.

Simu ikalia. Kuluthum ndiye aliyeishika.

"Hodi dukani. Nimekuja kuchukua changu."

"Hatuuzi mtu, Bi. Pesa zako ni hizi hapa. Zichukue."

"Mwenyewe amekubali."

"Alifanya mzaha."

"Mimi sikufanya mzaha. Nililipa." Ikavuta pumzi, na pumzi ile ilikuwa na povu. "Ukitaka kurudisha, rudisha kama nilivyotoa."

"Ulitoaje?"

"Kwa kinywa, mwanangu."

Kuluthum akautazama mfuko. Akamtazama mumewe. Yeslam akatazama chini. Angaliweza kuuweka mkono wa simu na kwenda zake kwao Changamwe, na hapana ambaye angalimlaumu. Mavyaa wake hakuwahi hata kumwambia ahsante. Nyuma ya pazia pakatoka sauti nyembamba, ya ulimi ulioanza kulegea.

"Kuluthum," ilisema. "Kuluthum."

Akasema bismillahi, akaufungua mfuko.

Noti ya kwanza ilimkaa ulimini kama utumbo wa samaki. Joto. Utelezi. Alitaka kutapika, akaminya pua, akaitia ya pili. Ya tatu ilikuwa na unywele, ukamshuka kooni na kumtekenya huko. Machozi yakamtoka. Akashindilia hadi mashavu yakamfura, akauweka mkono wa simu midomoni, pale penye vitundu vya kusemea.

Kitu kikatoka vitunduni.

Kilikuwa chembamba. Kibaridi. Kikaipita midomo yake. Kikaingia. Kikachukua noti moja, kikatoka nayo. Kikarudi. Kikachukua nyingine. Hakikuwa na haraka. Mfuko ulikuwa bado na pesa, na kila kinywa kilipopungua alijaza tena, amefumba macho, akisikia zikivutwa moja moja baina ya meno yake.

Mfuko ukaisha. Kinywa kikaisha.

"Bado moja," ikasema sauti.

Kuluthum akafumbua macho. Yeslam alikuwa amesimama ukutani. Mfuko wa shati lake, kifuani, ulikuwa umerowa hadi nje, na doa lilikuwa likipanuka.

Hakuweza kusema. Kitu kile kilikuwa bado kimelala ulimini mwake, kinangoja. Akanyosha mkono. Yeslam akatikisa kichwa, hata hakujua anatikisa nini. Akanyosha mkono tena, akaupiga kwenye kaunta kwa kishindo. Yeslam akaitoa noti iliyokunjwa mara nne, akampa huku analia.

Akaitia kinywani. Ikachukuliwa.

Lakini kitu kile hakikutoka papo hapo. Kilibaki. Kikapita nyuma ya meno yake, juu, kisha chini. Kikazunguka ndani ya mashavu. Kikaingia chini ya ulimi, kikakaa hapo kidogo, kama mtu afutaye sahani kwa kidole asibakishe mchuzi. Kisha kikajivuta.

"Haya, mwanangu. Tumemalizana," ikasema sauti, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kavu, safi, haina majimaji hata kidogo.

Kuluthum alitapika hadi ikatoka nyongo. Yeslam akaung'oa waya ukutani kwa mikono miwili. Nyuma ya pazia kikohozi kikaanza tena, kile kirefu, kibaya, na Kuluthum akakaa sakafuni akakisikiliza kama asikilizaye maulidi.

Bi Zubeida aliishi. Ngozi ilikauka, ikabambuka, ikaota nyingine. Ila alipoweza kusimama alimwita mkamwana wake akamwambia afunge nguo zao.

"Mama, twenda wapi?"

"Popote. Nilikuwa nyuma ya pazia mimi, si kaburini. Nilisikia bei aliyoniuzia." Akafuta jicho kwa ncha ya leso. "Bure, Kuluthum. Nilimzaa kwa siku mbili, akasema bure."

Wakapanga chumba Junda, wawili hao, na humo wakakaa kama mama na mwanawe mpaka Bi Zubeida alipofariki, miaka baadaye, kwa kifo cha kawaida cha uzee. Yeslam alibaki na duka asiloingia mtu. Alikuja Junda mara nyingi kuomba radhi. Mamake alimpa radhi, kwa kuwa ni mama, lakini mkono hakumpa.

Kuluthum mwenyewe alikuwa mzima. Mwaka mmoja baada ya mambo yale alianza kuhisi kitu kigumu chini ya ulimi. Akadhani ni jipu. Kilipomzuia kumeza alivuka daraja la Nyali akaenda kwa daktari wa meno mjini, akaketi kwenye kiti, akapanua kinywa. Daktari alimulika. Akayahesabu meno yake, akayakuta yote yapo, mazima, mahali pake. Kisha akaingiza koleo chini ya ulimi, akavuta, na kitu kikatoka bila kuuma.

Kilikuwa ni jino. Jino la nyuma, la mtu mzima sana, la manjano, limelika juu kwa utafunaji wa miaka mingi, na mizizi yake mirefu ilikuwa kamili. Daktari akalitia kisahanini, akachukua pamba aizuie damu, akamulika tena chini ya ulimi wa Kuluthum kutafuta tundu lilikotoka.

Hakuliona tundu. Nyama ilikuwa nzima, na pamba ikatoka nyeupe kama ilivyoingia.