Kiti cha Mjomba na Kadi ya Bima

Nyumbani kwetu kuna kiti kilichokuwa kikiyumba. Alikitengeneza Mjomba, kaka yake Mama, ambaye ni fundi seremala. Zamani viti vyake vilitulia kama mahakimu. Kisha pombe ikamzoea. Mikono yake ikawa inatetemeka mpaka anywe, na akishakunywa hataki kazi. Ndivyo kiti kilivyopata miguu mitatu mirefu na mmoja mfupi.

Jumapili moja Mjomba alikikalia, kikamyumbisha.

"Hiki nilikitengeneza mimi?"

"Ukikikana kitalia," Mama akajibu.

Mjomba akamgeukia. "Dada, nipeleke mahali pa kuacha pombe. Lakini upesi. Najijua. Ijumaa wenzangu wakinipitia, nia itakuwa imekwisha."

Jumatatu Mama alipigia simu kituo kimoja. "Mnapokea kadi ya bima ya serikali?"

"Tunapokea."

Wakafunga safari. Walipofika mapokezi wakaambiwa kwamba kadi inalipia kumwona daktari tu. Kulazwa, mtu anajilipia. Walirudi na tangazo la kituo. Mama akalikunja mara nne, akaliweka chini ya mguu mfupi wa kiti. Hiyo ndiyo faida pekee ya safari ile.

Jioni alikuja jirani yetu, Mama Dirisha. Tunamwita hivyo kwa sababu anahudumu kwenye dirisha la bima hospitalini. Huinama kidogo anapoongea, hata pasipo na dirisha.

"Wamenidanganya," Mama akamwambia.

"Hawakukudanganya. Wamejibu ulichouliza. Ukiuliza kama duka lina chumvi, nani atakwambia sukari imekwisha?"

"Sasa niulizeje?"

"Anza na bima yenyewe. Piga namba iliyo nyuma ya kadi, uombe orodha ya vituo vyenye mkataba nao. Kisha uliza kila kituo: bima inalipia kulazwa kwa tiba ya pombe? Siku ngapi? Mimi nitalipia nini?"

"Wakikubali, naingia?" Mjomba akauliza.

"Bado. Daktari akupe barua ya rufaa, na bima itoe kibali kabla hujalazwa. Na masharti hubadilika, usitegemee maneno ya jirani."

"Wewe si jirani?"

"Ndiyo maana nakwambia upige simu."

Mjomba akacheka. "Basi niache leo leo, nifike msafi."

"Thubutu. Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiziwa ghafla, unaweza kupata degedege. Kesho mweleze daktari kila kitu, akuongoze."

Jumanne, Mjomba alimwona daktari, akapata barua. Mama akapiga simu. Orodha ilikuwa na vituo saba. Viwili havilazi wagonjwa, kimoja kimejaa. Cha nne kikajibu: siku thelathini, bima inalipia, sabuni aje nayo. Mama akaandika kila neno, pamoja na jina la aliyemjibu.

Kibali kilitoka Alhamisi. Ijumaa asubuhi Mjomba akalazwa. Wenzake walipompitia jioni, walikikuta kiti kitupu.

Alirudi baada ya mwezi, na hadi leo huenda kituoni kila wiki kuzungumza na mshauri. Siku aliyorudi alikipindua kiti, akapima miguu, akapunguza ile mirefu kwa randa. Kikatulia.

Mama akaokota lile tangazo. "Nilitupe?"

"Hapana. Nyuma ni peupe. Niandikie yale maswali. Mmoja wa wale wenzangu wa Ijumaa, fundi rangi, naye anataka kuacha; ameniuliza nilipita wapi."