Maji ya Ziwa la Kijani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Akeyo alichota maji kwenye mfereji wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli mjini Nakuru. Baba yake alikuwa amehamishwa kutoka Kisumu mwezi wa Januari tu. Kule Kisumu Akeyo alizoea kuteremka ziwani na kujaza mtungi wake bila kusubiri mtu. Hapa alipanga foleni, na foleni hakuipenda hata kidogo.

Basi Mwalimu Wamalwa alipotangaza safari ya kwenda kuona ziwa lililo ndani ya shimo la mlima wa volkano, Akeyo alikuwa wa kwanza kuinua mkono.

"Maji nitabeba mimi, Mwalimu. Hiyo ni kazi yangu."

Wanafunzi saba walishuka garimoshi kwenye stesheni ndogo. Chepkemoi alikuwa ameleta vibuyu viwili vya mama yake, akavifunga vizibo vyote kwa mikono yake mwenyewe. Njia ilipanda taratibu kati ya vichaka vya leleshwa na mawe meusi yanayong'aa kama chupa. Walipopumzika, walimaliza kibuyu cha kwanza. Cha pili kilikuwa cha kurudia.

Jua lilikuwa kali na kamba ya kibuyu hicho ilimkata Akeyo begani. Akabaki nyuma ya wenzake, akajicheka. Ni nani huyo anayebeba maji kwenda ziwani? Akang'oa kizibo, akamwaga maji yote, kisha akatembea mwepesi.

Ziwa lilikuwa la kijani kibichi, na heroe, ndege wale wa waridi wenye miguu mirefu, walisimama pembeni. Akeyo alikimbia kwenda kujaza kibuyu.

"Usichote," Mwalimu alisema. "Hayo ni ya magadi. Hata ng'ombe mwenye kiu hawezi kuyanywa. Lete yetu."

"Kizibo kilichomoka njiani, Mwalimu," Akeyo alisema.

Kipketer, mmoja wa wanafunzi wenzake, aligeuka. "Ni Chepkemoi alifunga."

Wote walimtazama Chepkemoi. Yeye alitazama chini. Walipokuwa wakipanda kurudi kutoka ziwani, Chepkemoi alikaa juu ya jiwe, midomo imemkauka, akasema kichwa kinazunguka. Mwalimu alipoinama kumshika, Chepkemoi alinong'ona, "Nisamehe, Mwalimu. Pengine sikukaza vizuri."

Maneno hayo yalimchoma Akeyo kuliko kamba ile. Akaanza kulia.

"Alikaza, Mwalimu. Mimi ndiye nilimwaga. Kwetu ziwa linanyweka, nikadhani maziwa yote ni hivyo. Halafu nikadanganya."

Mwalimu hakumgombeza. Akamtuma Kipketer mbio akaombe msaada kwa mwanamke aliyekuwa akichunga mbuzi juu ya kilima. Mwanamke huyo, Mama Jelagat, alikuja akamshika Chepkemoi mkono, akawapeleka hadi kwenye ufa wa mwamba uliofuka mvuke. Juu ya ufa alikuwa ameegemeza bomba refu la bati. Mvuke ulipoa ndani yake, ukatoka tone kwa tone na kuingia kwenye debe.

"Keti kwa kivuli, mtoto yangu," alimwambia Chepkemoi. "Hapa kwetu ziwa halinyweki. Tunakunywa mvuke wa mlima."

Akeyo alimnywesha Chepkemoi kikombe cha kwanza, polepole, mpaka macho yake yakachangamka. Debe lilikuwa na maji ya siku nzima. Mama Jelagat aliwapa nusu.

Wakati wa kuaga, Akeyo alimwomba msamaha kwa kumpunguzia maji yake. Mama Jelagat alikuwa amekwisha kusikia habari yote kutoka kwa Kipketer.

"Mgeni akiuliza si aibu," alisema. "Na maji yakimwagika hayazoleki. Lakini uongo unaweza kuuzoa, mtoto yangu, ukiwahi kabla mwenzako hajaumia. Wewe leo ulichelewa kidogo."

Akeyo aliitikia kwa kichwa. Chepkemoi alijaza kibuyu, akakikaza kizibo mara mbili, halafu akamvisha Akeyo kamba begani.

"Beba," alisema. "Hiyo ni kazi yako."