Gari Linatakiwa Lirudishwe

Kila asubuhi nyumba ya Mama Pazia iliamka kwa kelele. Ngazi ipandishwe juu ya gari. Makopo ya rangi yaingie nyuma. Mapazia yalazwe kwenye kiti, yamefunikwa kwa shuka safi. Na ole wake atakayeweka kopo karibu nayo!

"Baba, nimesema kopo lisiguse pazia!" Mama Pazia alimwambia mumewe.

"Halijagusa. Linaliangalia tu."

"Basi na liliangalie kwa mbali."

Mama Pazia alikuwa mshonaji. Alishona mapazia ya nyumba, ya ofisi, hata ya kliniki. Mumewe alikuwa mpaka rangi. Watu walimwita Koti Mbili, kwa sababu yeye alimwambia kila mteja maneno yaleyale: "Ukuta mzuri ni koti mbili, yaani kupakwa mara mbili. Koti moja ni kujidanganya." Mume akimaliza kupaka, mke anaingia kutundika mapazia. Kazi zao zilifuatana hivyo, na gari ndilo lililowaunganisha.

Lilikuwa gari dogo la juu, lile la familia linalopita kwenye mashimo bila kugusa chini. Walilinunua mwaka uliopita kwa mpima ardhi mmoja, mtu mpole mwenye kofia pana. Halikuwa jipya, lakini walilipenda. Koti Mbili alilipiga nta kila Jumapili mpaka likang'aa.

Nyumbani waliishi watu wanne. Mama Pazia, Koti Mbili, binti yao wa miaka sita, na bibi, yaani mama yake Koti Mbili. Bibi na mjukuu walilala chumba kimoja. Nyuma ya ukuta wa chumba hicho kulikuwa na banda. Humo Koti Mbili aliweka rangi zake na madumu ya thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi.

Basi mwezi mmoja Mama Pazia akaona jambo. Taa ya njano iliwaka mbele ya usukani, kisha ikazimika. Kesho yake ikawaka tena. Halafu akasikia harufu ya plastiki iliyoungua.

"Baba, gari linanuka."

"Mke wangu, wewe siku nzima uko karibu na rangi na thina. Pua yako imechoka. Ipumzishe."

"Na taa je? Nayo imechoka?"

"Gari likishakuwa na umri, lazima liseme kidogo. Hata mama yangu husema peke yake."

"Nimekusikia!" bibi akajibu kutoka ndani.

Wakacheka, na jambo lenyewe likapita hivyohivyo.

Siku chache baadaye ujumbe uliingia kwenye simu ya Koti Mbili. Ulitoka kwa mpima ardhi. Koti Mbili akausoma kwa sauti: "Habari ndugu. Lile gari linatakiwa lirudishwe. Ni haraka. Naomba unipigie."

Akaruka kutoka kitini.

"Lirudishwe? Lirudishwe wapi? Nimenunua mimi! Tumeandikiana, mashahidi wapo!"

"Anataka nini huyu?" Mama Pazia akauliza.

"Kaliona barabarani linang'aa, roho ikamuuma. Sasa anataka kurudishiwa. Thubutu!"

"Si umpigie umsikilize?"

"Nikimpigia, ataanza maneno matamu. Mimi mtu mpole akinibembeleza, nalegea. Sipokei simu yake, na ujumbe wake sifungui tena."

Tusimcheke Koti Mbili peke yake. Mama Pazia naye alikasirika. Alijiona akitembea juani na mapazia ya vyumba vitano kichwani, na moyo wake ukasema hapana. Kwa hiyo mumewe alipopendekeza walifiche gari, hakubisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshika tochi wakati mumewe akilirudisha nyuma, polepole, mpaka ndani ya banda. Likaingia sawasawa, katikati ya makopo na madumu. Wakalifunika kwa turubai.

"Apite sasa," alisema Koti Mbili. "Aone ukuta."

Kwa siku nne simu iliita, naye akaigeuza kifudifudi. Kwa siku nne akabeba ngazi begani. Mkewe alibeba mapazia kwa mafungu, akilalamika njia nzima.

Jumamosi mchana Koti Mbili alikuwa kazini. Bibi na mjukuu walikuwa wamejilaza chumbani kwao. Hodi ikapigwa mlangoni. Alikuwa jirani, amekuja kuchukua pazia lake la sebuleni.

Jirani huyu alifanya kazi kwenye kituo cha ukaguzi wa magari. Mtu akikutana naye popote, hata harusini, swali lake la kwanza lilikuwa, "Breki zinashika?" Ndiyo maana akaitwa Bi Breki. Hakuchukia. Alisema ni jina la heshima.

"Dada, mbona siku hizi nakuona unabeba mizigo kwa miguu?" Bi Breki aliuliza. "Gari limeharibika?"

"Halijaharibika. Tumelificha."

"Mmelificha? Limeiba?"

Mama Pazia akacheka, kisha akamweleza yote. Mpima ardhi. Ujumbe. Tamaa za watu wasiojua kuuza na kuachia. Bi Breki alikuwa anakunja pazia. Ghafla mikono yake ikasimama.

"Hebu rudia ujumbe ulivyosema. Neno kwa neno."

"Lile gari linatakiwa lirudishwe. Ni haraka."

"Na taa ya njano imewahi kuwaka?"

"Ndiyo. Na harufu ya kuungua. Baba anasema ni pua yangu."

"Gari liko wapi sasa hivi?"

"Bandani. Nyuma ya chumba cha bibi."

"Bibi yuko wapi?"

"Amelala. Na mtoto."

Bi Breki akatupa pazia chini. Mama Pazia, aliyelishona kwa siku mbili, alitaka kupiga kelele, lakini alipoona uso wa mwenzake, aliliacha palepale chini.

"Waamshe. Watoke nje, wote wawili. Upesi!"

Bibi alitoka akiwa na kanga moja begani na kiatu kimoja mguuni. Mtoto alitoka akipikicha macho. Bi Breki akalivuta turubai.

"Usiliwashe!" alimwambia Mama Pazia. "Toa gia, legeza breki ya mkono, tusukume."

Wakasukuma. Bibi naye akasukuma, na kiatu chake kimoja. Gari likatoka kwenye banda, likavuka ua, likasimama peke yake kwenye uwanja mtupu ng'ambo ya njia, mbali na nyumba zote. Mama Pazia akamgeukia Bi Breki.

"Sasa niambie, dada. Kuna nini?"

"Kaa chini nikueleze. Gari lenu limeitwa."

"Limeitwa?" bibi akashtuka. "Maskini! Mbona hamkuniambia lilikuwa linaumwa?"

Hata Bi Breki alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Si hivyo, Mama. Limeitwa na kampuni iliyolitengeneza. Tangazo lipo ukutani kazini kwetu wiki ya pili sasa. Chini ya boneti kuna kifaa cha breki. Katika magari ya aina hii, mafuta ya breki yanaweza kuvuja ndani ya kifaa hicho yakafika kwenye umeme. Umeme wa betri unafika pale hata gari likizimwa. Basi kifaa kinapata joto, kinaungua. Gari linaweza kushika moto likiwa limeegeshwa, ufunguo uko mfukoni mwako."

Mama Pazia akaangalia banda. Akaangalia madumu ya thina. Akaangalia dirisha la chumba cha bibi. Kisha akamvuta mtoto wake akamkumbatia, na machozi yakamtoka palepale, mbele za watu.

"Mimi ndiye niliyeshika tochi," alisema. "Tuliliingiza kwa mikono yetu."

"Hukujua."

"Lakini mpima ardhi alisema lirudishwe!"

"Sikiliza. Ukishona pazia, pete za kutundikia zikawa mbovu, mteja akalirudisha. Unalichukua liwe lako?"

"Hapana! Naweka pete nyingine, namrudishia."

"Bure?"

"Bure. Kosa ni langu."

"Na kama mteja alishampa dada yake lile pazia?"

"Si pazia ni lilelile? Natengeneza tu."

"Basi na kampuni ni hivyo. Linarudishwa ili litengenezwe. Likishatengenezwa, ni lenu. Haijalishi mlinunua kwa nani."

Mama Pazia akafuta macho. "Neno moja tu, jamani," alisema. "Neno moja lingetumalizia watu."

Koti Mbili alirudi alasiri na ngazi yake begani. Alipoona gari liko nje, hadharani, na mama yake amekaa uani juu ya ndoo, aliiacha ngazi ianguke.

"Nani kalitoa?"

"Mimi," alisema mkewe. "Kaa chini, Baba."

Alipoelezwa, alimwendea mama yake, akapiga magoti.

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Nitafutie kiatu changu cha pili."

Bi Breki alikuwa ameshafungua boneti na kuwaonyesha namba ya chasi. "Hii ndiyo alama ya gari lenu peke yake," alisema. "Iandikeni mahali. Ukipiga simu kwa wakala wa kampuni, ndiyo wanayouliza kwanza." Akapiga mwenyewe, simu ikiwa kwenye spika ili wote wasikie. Mtu wa upande wa pili alisomewa namba, akajibu bila kusita. Ndiyo, gari hili limo. Msiliendeshe. Msiliegeshe karibu na nyumba. Jumatatu tutaleta gari la kulivuta.

Jumatatu Mama Pazia na mumewe walikwenda kwenye karakana ya wakala. Fundi alikuwa dada mmoja mwenye ovaroli ya bluu. Aliwaita karibu na boneti, akachomoa kifaa, akakiweka kiganjani. Kichwa cha waya kilikuwa kimelowa mafuta. Upande mmoja plastiki ilikuwa nyeusi, imekunjamana.

"Mnaona hapa? Kilikuwa kimeshaanza kuungua."

Koti Mbili alikishika kifaa kile, akakinusa. Harufu ilikuwa ileile.

"Mke wangu," alisema kwa sauti ndogo, "pua yako ni nzima."

"Mliona dalili yoyote mapema?" fundi aliuliza.

"Taa ya njano na harufu, kama wiki mbili zilizopita," alisema Mama Pazia.

"Mlimwambia nani?"

Wakatazamana. "Tuliambiana wenyewe," alisema Koti Mbili.

"Mngetuambia na sisi. Kosa hili halikugunduliwa na mtu wa kiwandani. Liligunduliwa kwa malalamiko. Mwenye gari mmoja aliandika, wa pili akaandika, wakawa wengi. Mwenye gari akinyamaza, kiwanda kinadhani mambo ni shwari."

Akawapa fomu. Mama Pazia akaijaza mwenyewe, kwa mwandiko wa taratibu. Aliandika namba ya chasi, siku taa ilipowaka mara ya kwanza, siku aliposikia harufu, na gari lilikuwa limeegeshwa wapi. Fundi akampa nakala aiweke, akamwambia apeleke nyingine kwenye ofisi ya serikali inayoshughulikia usalama wa magari. Kisha akafungua kompyuta, akafuta jina la mpima ardhi na kuandika jina lao na namba yao ya simu. Barua zote za kampuni zilikuwa zinakwenda kwa mwenye gari wa zamani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba limeuzwa.

Kazi ilichukua saa tatu. Hawakudaiwa chochote. Walisubiri kwenye benchi, na hapo ndipo Koti Mbili alipotoa simu yake.

"Nafungua ujumbe wake," alisema. "Soma na wewe. Mimi naona aibu."

Ulikuwa ujumbe mwingi, umelundikana. Wa pili ulisema gari lina kosa la kiwandani. Wa tatu uliweka namba ya wakala. Wa nne uliuliza kama simu imeharibika. Mama Pazia aliusoma wa mwisho taratibu, maana ulikuwa mrefu:

"Ndugu, sijui nimekukosea nini. Kama una hasira nami, endelea nayo, sikukatazi. Ila nakuomba, liegeshe mbali na nyumba. Siku ile ya kununua ulikuja na binti mdogo. Usiku nikilala, namkumbuka yeye."

Koti Mbili akaziba uso kwa mikono. Kisha akapiga simu. Ililia mara moja tu, ikapokewa.

"Ndugu, ni mimi. Mpaka rangi."

"Gari liko wapi?"

"Karakana. Linatengenezwa. Nisamehe, kaka. Nilidhani unataka kuninyang'anya gari."

"Kukunyang'anya!" Mpima ardhi alicheka, na kicheko kilikuwa kimechoka. "Kaka, mimi nimekuulizia kila duka la rangi. Nikisema namtafuta mpaka rangi, wananionyesha kumi na tano."

Mama Pazia akaichukua simu.

"Kaka, mimi ni mkewe. Asante. Sina neno kubwa zaidi ya hilo. Asante kwa kutuchosha na simu. Asante kwa kutochoka."

"Shemeji, mtoto yuko wapi?"

"Yuko shule. Mzima kabisa."

"Basi," alisema mpima ardhi, "leo nitalala."