Alinivua Hirizi Nikiwa Nakufa

Nilifumbua macho nikamwona mke mwenzangu amenikalia, kashika kamba ya hirizi shingoni mwangu!

"Mwanawetu... unaniua?"

Akapiga ukunga, akatoka mbio. Hirizi yangu kiganjani!

Hii ni Matambarale, jamani, Ruangwa, mwaka 2008. Mchana kweupe, ufuta umeanikwa uani.

Mwaka mmoja nyuma nilipelekwa India. Moyo wangu ulikuwa unachachamaa ghafla, nazima kama kibatari. Wakanipandikizia kimashine chini ya ngozi ya kifua, na waya laini unaoingia mpaka moyoni. Moyo ukichachamaa, kinaupiga shoti. Teke la punda, tena kutokea ndani!

"Kaa mbali na sumaku," daktari alinionya. "Sumaku inakizuia kupiga."

Sumaku, Matambarale? Nilimcheka.

Mama mkwe, Bi Zaina, hakukiamini kile kinundu. Akanishonea hirizi ya ngozi, nzito, akaining'iniza juu yake hasa.

"Vaa, mwanangu. Hii inavuta."

Sikuuliza inavuta nini. Mtu anayenipenda vile, nimuulize nini?

Basi siku hiyo nilianguka kwenye ufuta. Giza... Kisha teke! Ndipo nikaiona ile mikono shingoni.

Jioni mume wetu, Mbaruku, akamweka Mwanawetu kikao mbele ya mama yake, Bi Zaina.

"Ulitaka kumnyonga mwenzio?"

"Nimnyonge wa nini? Nilimkuta hapumui. Nikasema niichukue kabla watu hawajajaa."

"Uchukue nini?"

"Si hiyo hirizi! Mama mwenyewe alisema inavuta. Hata zamu yangu unalala kwake, mume wangu, unadhani mimi kipofu? Inakuvuta wewe!"

Bi Zaina akaangua kicheko.

"Mjinga wewe! Inavuta ugonjwa!"

Mbaruku akamnyang'anya Mwanawetu hirizi, akaipasua kwa kisu. Kikatoka kipande cheusi, kikanata kwenye kisu. Ta!

Mbaruku akakibandua, akakigeuzageuza.

"Mama... hii si sumaku ya spika ya redio yangu? Ile redio uliyosema imekufa yenyewe?"

"Nilitaka iuvute ugonjwa utoke," akajibu Bi Zaina.

Nikakipapasa kinundu changu kifuani. Kumbe kimashine changu kilikuwa kimezibwa mdomo muda wote! Mwizi alipoivuta tu hirizi ikatoka kifuani, kikapiga.

Ukipewa kinga, ndugu yangu, uliza ndani kuna nini. Uliza hata kama aliyeishona anakupenda kuliko mama yako mzazi.

Mwanawetu alinililia msamaha, nikampa. Tunapika jiko moja, tunachekana. Lakini akikaa nyuma yangu, shingo inanisisimka.

Maana alinikuta sipumui, na hakumwita mtu.

Na kinachoninyima usingizi ni hiki... Angeita watu, wangenibeba na hirizi yangu shingoni.

Ningekufa.