Peremende Zilizoisha Jumanne

Jumatatu asubuhi Sixten alitia peremende kumi kwenye chupa ya kioo, akaiweka juu ya friji. Binti yake Tyra alikuwa anavaa viatu vya theluji.

"Sheria unaijua, mwanangu," alisema Sixten. "Mwalimu akilalamika mara moja, naondoa moja. Zitakazobaki ndizo zako za Jumamosi."

"Na asipolalamika?"

"Basi... hakuna neno. Twende, tutachelewa!"

Pale mjini kwao, kaskazini mwa Uswidi, watoto hula peremende Jumamosi tu. Mtoto huingoja siku hiyo wiki nzima. Kwa hiyo Sixten alijiona mjanja kwelikweli.

Tyra alikuwa na miaka minane, darasa la pili. Hakuwa mjinga, hata kidogo! Shida ilikuwa mdomo. Mwalimu Maj hajamaliza swali, Tyra keshapayuka jibu. Mwenzake akisoma, yeye anammalizia. Akichoka kukaa, anazungukazunguka darasani.

Jumatatu hiyo zikaondoka peremende nne. Jumanne zikaondoka sita. Chupa ikabaki tupu, na wiki ndiyo kwanza inaanza.

Jumatano Tyra alipanda juu ya dawati akaimba.

"Tyra!" Sixten alifoka jioni. "Hukuikumbuka chupa?"

"Si zimekwisha, baba? Utaondoa nini tena?"

Tyra akainamisha kichwa. "Mimi ni mtoto mbaya tu. Darasa zima linajua. Kesho siendi shule."

Maneno hayo yalimchoma Sixten moyoni. Alitaka mtoto mwenye adabu, si mtoto anayejichukia.

Kesho yake alimbembeleza mpaka akaenda. Alipomfuata mchana, alimkuta Gunvor kwenye chumba cha kuvulia viatu, akianika glovu za watoto. Gunvor alikuwa jirani yao, na kazi yake ilikuwa kuwalea watoto shuleni baada ya masomo. Miaka thelathini alikuwa kwenye kazi hiyo.

"Jirani, mtoto amenishinda," alisema Sixten, akamweleza habari ya chupa.

"Hapo ndipo ulipokosea. Ukishamaliza kumnyang'anya—"

"Lakini mwalimu analalamika!"

"Ngoja basi. Ukishamaliza kumnyang'anya, hana tena—"

"Hana cha kupoteza, najua, ila—"

"Mtoto naye anaona—"

"Anaona nini?"

Gunvor akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe Sixten wewe! Umenikatiza mara tatu. Halafu unashangaa mtoto kayatoa wapi? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

Masikio ya Sixten yakawa mekundu. Safari hii alimwacha amalize.

"Peremende za Jumamosi mpe," alisema Gunvor. "Ni zake, kama za watoto wote. Sasa wewe mvizie akifanya jema. Ukimwona, mwambie palepale, na umtajie alichofanya. Ukisema 'mtoto mzuri' tu, hatajua uzuri wenyewe uko wapi."

"Na akikosea?"

"Mkumbushe kwa upole, arudie vizuri. Anzeni na jambo moja tu: kungoja zamu ya kusema. Na wewe mwenyewe anza na mdomo wako!"

Walimweleza Mwalimu Maj, naye akakubali. Akampa Tyra na kazi: kila Ijumaa awasomee hadithi watoto wa darasa la awali.

Haikuwa rahisi. Jumatatu Tyra alipayuka mara tano. Mara ya sita, mwenzake Elof akisoma, aliinua mkono, akauma midomo, akangoja. Maj alimsogelea, akamnong'oneza, "Umengoja Elof amalize kusoma. Nimeona."

Siku hiyo Tyra alirudi nyumbani mbio. "Baba! Mwalimu ameniona!"

Siku nyingine alisahau, akakumbushwa, akarudia. Wiki kwa wiki, kupayuka kukapungua. Kusoma nako kukapanda, maana mtu anayengoja husikia. Habari ya kutokwenda shule ikafa yenyewe.

Jumamosi moja walikuwa dukani, Tyra akijaza mfuko wake wa peremende. Alianza kusimulia mambo ya Ijumaa. Kulikuwa na mtoto mmoja wa darasa la awali aliyemkatiza kila ukurasa. Tyra alisahau jina lake, akarudi nyuma, akakumbuka, akaingiza habari ya mbwa, akaanza upya. Lo, hadithi haikuwa na mwisho! Ulimi ulimwasha Sixten. Akajishika, akasikiliza.

"...halafu ukurasa wa mwisho akangoja, baba! Nikamwambia, umengoja nimalize. Akafurahi huyo, akarukaruka!"

Tyra akafunga mfuko. Akamtazama baba yake, kisha akamvuta koti ainame.

"Na wewe baba," alimnong'oneza, "umengoja nimalize. Nimeona."

Masikio ya Sixten yakawa mekundu tena, safari hii kwa furaha.